Nahau za Kiingereza kwa Mama Murusi

Mwingereza akitaka kusema kwamba mvua ni kubwa, husema inanyesha paka na mbwa. Nimewafundisha nahau hiyo wanafunzi wengi, na kila mara darasa hucheka, kisha mmoja huuliza kwa nini wasiwe mbuzi na kuku. Wanafunzi wangu wa kwanza kabisa hawakucheka. Walikuwa wawili, mke na mume, wameketi juu ya masanduku yao kwa kuwa viti havikuwapo tena, na mvua halisi ya Kolwezi ilikuwa inapiga bati juu ya vichwa vyetu hata nikalazimika kupaza sauti. Mke alifikiri kidogo, akamgeukia mumewe na kumwambia jambo kwa Kirusi. Mume akanitafsiria kwa Kiswahili chetu cha Katanga:

"Anasema kwabo mvula inamwangika sawa inatoka mu ndoo. Anauliza kama Baingereza habana ndoo."

Ndivyo nilivyoanza kazi ninayoifanya hadi leo. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi na shahada ya Kiingereza, kijana wa kike asiye na ajira katika mji ambao wenye ajira walikuwa wanazipoteza. Sitajifanya kwamba naikumbuka miaka ile kwa huzuni tupu. Migodi ilikuwa inazimika, mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, hata wale ambao ni babu zao tu ndio waliotoka huko, waliambiwa kwamba Katanga si kwao. Walitolewa kazini, kisha wakatolewa katika nyumba za kampuni, kisha wakakusanyika stesheni kungoja treni, wakalala pale pamoja na masufuria yao na wagonjwa wao, na wengine wakazika watoto kabla treni haijafika. Hayo niliyaona. Lakini nikiulizwa majira yale ya mvua yalikuwaje kwangu mimi, nitasema ukweli: nilikuwa na furaha. Kila alasiri nilivuka njia, nikaingia katika vyumba viwili vya jirani zetu, nikakuta chai na watu wawili walionisubiri kwa hamu. Ualimu umenipa mengi baadaye, ila hamu ya namna ile sijaiona tena.

Mume alikuwa mhandisi wa umeme. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akavunjika jino lake la mbele hapa akicheza mpira. Kasai ya babu zake alikuwa haijui hata kwa safari ya siku moja. Alipokuwa kijana alipata nafasi ya kwenda kusoma Urusi, nchi hiyo ikiwa bado ndiyo kiini cha dola kubwa, akarudi na diploma, koti zito lisilovalika katika joto letu, na mke mwalimu wa hisabati. Mtaa ulimwita mke huyo Mama Murusi. Yeye mwenyewe alizaliwa Kazakhstan, na mwanzoni alimweleza kila mtu jambo hilo kwa subira, mpaka alipogundua kwamba kila aliyeelezwa alijibu "Ndiyo, Mama Murusi," akaacha. Nyumbani walizungumza Kirusi. Watoto wao wawili walichanganya Kirusi, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na hakuna aliyewasahihisha.

Walipotolewa katika nyumba ya kampuni walihamia mtaa wa Manika, mkabala na kwetu. Baba yangu, karani aliyetoka kaskazini ya Katanga, mtu ambaye kwa hesabu za wanasiasa wa siku zile alipaswa kushangilia, alivuka njia siku waliyofika akiwa amebeba ndoo ya maji. Akasema, "Karibuni, tata. Karibu, mama." Akaiacha ndoo mlangoni, akarudi kula chakula chake. Siasa zake zote zilikuwa ni hizo.

Njia zilizokuwa mbele ya jirani zetu zilikuwa chache, na zote mbaya. Wangeweza kupanda treni kwenda Kasai, wakashuke mahali wasipomjua mtu. Au Mama Murusi angerudi kwao na watoto. Lakini dola iliyompa pasipoti ilikuwa imekwisha kufa nyuma yake, na watu wa ubalozi waliomjibu kwa simu kutoka Kinshasa walisema labda yeye na watoto wangepata karatasi mpya, mume hapana. Ndipo jirani wa tatu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema, alipoleta habari. Lori lake lilikwenda Zambia kuleta unga na sabuni. Karibu na Chingola, alisema, kulikuwa na shule ya wasichana ya masista ambayo haikuwa na mwalimu wa hisabati, na sista mkuu wake angekuja Kolwezi baada ya Pasaka kuwatembelea wenzake wa Manika.

"Mama huyu hesabu anaijua," alisema mwenye lori. "Shida ni mudomo. Kule bote ni Kingereza."

Mhandisi akaja kwetu jioni hiyohiyo, akasimama mbele ya baba yangu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Tata, nipe mutoto wako."

"Umupeleke wapi?"

"Hapa hapa. Anifundishie bibi Kingereza. Na mi nitasikiliza, juu akitukanwa kule nijue."

"Mwenyewe eko pale. Umuulize yeye, usiniulize mi."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwetu sote. Mama Murusi akimridhisha sista, familia nzima ingepanda lori moja. Asipomridhisha, ingegawanyika, au ingekwenda stesheni.

Sarufi haikumsumbua. Alikuwa na kichwa cha mtu wa hisabati: alitaka kanuni, akaitumia, akauliza iliyofuata. Nyakati za vitenzi alizichora kama mstari wa namba na sifuri katikati. Mimi ndiye niliyeona kwamba hiyo haitoshi. Chuoni tuliamini, nasi tuliamini kwa dhati kwa kuwa hakuna miongoni mwetu aliyekuwa amewahi kufika Uingereza, kwamba Kiingereza cha kweli kimo katika nahau, na kwamba asiyejua nahau hubaki nje ya uzio hata akijua maneno yote ya kamusi. Kwa hiyo nilimlisha nahau. Nilimlisha kama mtu anayenenepesha kuku wa sikukuu.

Tulikuwa tukiweka lugha nne mezani na kuzilinganisha. Jambo lisilo gumu, kwa Mwingereza, ni kipande cha keki. "Keki?" aliuliza Mama Murusi, akatazama kikombe chake cha chai isiyo na sukari. "Unga wapi?" Kwa Kirusi, alisema, jambo jepesi ni kama mbili mara mbili, na uso wake uling'aa, kwa sababu methali hiyo ilikuwa ya fani yake. Mimi nikamwambia kwamba katika Kiswahili cha vitabuni ni kama kumsukuma mlevi, mhandisi akasema kwamba yeye aliwahi kumsukuma mlevi mmoja wa mtaani kwetu, na aliyeanguka ni yeye mwenyewe. Kuvunja barafu, yaani kuanza mazungumzo na mtu usiyemzoea, kulimshangaza. "Kwetu barafu huvunjwa kwa shoka," alisema, "na baada ya hapo watu hawaongei, wanavua samaki."

Siku tulipofika kwenye jambo ambalo halitatokea kamwe, mwenye lori alikuwa amepita kusalimia, akaketi nasi. Nikaeleza: Mwingereza husema litatokea siku nguruwe watakaporuka. Mfaransa husema kuku watakapoota meno. Mama Murusi akasema kwao husubiri kamba wa mtoni apande mlimani apige mbinja. Nikaongeza punda wetu atakayeota pembe.

"Sasa," akasema mhandisi kwa sauti ya mwenyekiti wa mkutano, "umeme wa Manika utarudia na nani? Na nguruwe, na kuku, na kamba, ao na punda?"

"Nguruwe mi hapana," akasema mwenye lori upesi. "Kwangu muweke punda."

Tulicheka hata watoto wakaja kuuliza ni nani aliyefika. Namwona Mama Murusi akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akirudia "kwangu punda, kwangu punda," na ninajua kwamba siku ile hakuwa anawaza stesheni.

Siku nyingine haikuwa hivyo. Nilimweleza kwamba kuna jambo ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelitaja, na Mwingereza huliita tembo aliyemo sebuleni. Nilikuwa tayari na mfano kutoka chuoni, hadithi ya mjomba mlevi katika harusi. Yeye aliinua mkono wake kuniambia kwamba mfano hauhitajiki, akayatazama mafurushi yaliyokuwa yamefungwa kamba ukutani, yale ambayo wote tulikuwa tukiyazunguka kila siku bila kuyagusa. "Huyu nimemwelewa," alisema. "Twende mbele."

Nje ya vyumba vile viwili watu walisema. Jirani mmoja, mama aliyeuza mkaa kwenye kona, alinisimamisha asubuhi moja mbele ya wateja wake.

"We mutoto wa chuo, ni kweli unafundishaka bale bilulu Kingereza?"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo watu wa Kasai walivyokuwa wakiitwa sokoni, mchana kweupe, hata na wale waliokula pamoja nao Krismasi iliyopita.

"Ninafundisha Mama Murusi," nikasema.

"Ni kitu moja tu. Treni haiulizake muntu Kingereza."

"Mama, mi treni siijue. Nipimie mukaa."

Akanipimia, akabonyeza kidogo ili debe lijae vizuri, maana alikuwa hodari wa ulimi lakini hakuwa mwizi.

Sasa lazima nieleze namna nilivyofundisha, kwa sababu kila kitu kilikuja kutegemea hilo. Kwetu methali ni mali ya watu wawili. Msemaji hutoa nusu ya kwanza na kunyamaza, msikilizaji humalizia. Baba yangu mezani alikuwa akisema "Haraka haraka," akaweka kijiko chini, nasi watoto tukajibu "haina baraka," ndipo akaendelea na maneno yake. Katika mikutano ya posa, upande mmoja hurusha nusu na upande wa pili huirudisha, na asiyeirudisha huonekana hakulelewa. Na anayeanza methali na kuimaliza mwenyewe, mbele ya mtu mzima, amemfanya mwenziwe mtoto. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo, kama mtu asivyofikiria mkono anaokulia. Kwa hiyo misemo yote ya Kiingereza yenye nusu mbili niliifundisha hivyohivyo. Mimi: "Kila wingu." Yeye: "Lina bitana ya fedha," yaani kila taabu ina heri yake. Yeye: "Paka akiondoka." Mimi: "Panya hucheza." Nilimwambia kwa uzito wote wa shahada yangu kwamba ni utovu wa adabu kumalizia mwenyewe.

Yeye hakuona ajabu. Warusi nao wana jambo la namna hiyo. Mtu akienda kwenye mtihani, wanamtakia, kama mwindaji, asipate unyoya wala manyoya, na anayetakiwa lazima ajibu papo hapo, "Nenda kwa shetani!" Asipojibu, bahati inaharibika. Niliposema kwamba Mwingereza humtakia mwenziwe avunjike mguu, aliuliza jibu lake ni lipi. Tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba lazima lipo, ila vitabu vya chuo chetu vilikuwa vimelisahau.

Sista mkuu alifika wiki ya pili baada ya Pasaka. Tulikwenda watatu kwenye nyumba ya masista, Mama Murusi akiwa amevaa gauni la kijivu alilolipiga pasi ya mkaa mara mbili. Langoni mhandisi alimwambia mkewe maneno yale ya manyoya, naye akajibu kwa Kirusi, kwa sauti, akimtuma mumewe kwa shetani mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Mlinzi akaitikia, "Amina, mama."

Nilikuwa nimetarajia mzungu. Sista mkuu alikuwa Mzambia, Mbemba wa Kasama, mwanamke mpana mwenye miwani, aliyetuonyesha benchi la ukutani mimi na mhandisi, akamketisha Mama Murusi mbele yake. Walizungumza Kiingereza, nakiandika hapa kwa Kiswahili.

"Umeishi vipi miezi hii, mama? Nimesikia mji una taabu."

Mama Murusi alinyoosha mgongo. "Kila wingu," alisema.

Akanyamaza. Akaweka mikono magotini, akamtazama sista kwa heshima, akisubiri.

Sista naye akasubiri. Alidhani neno limempotea, na kwa kuwa alikuwa mwalimu mwenye subira, hakutaka kumkatiza. Mhandisi alianza kupapasa kofia yake. Mimi nilikuwa nimeielewa hali tayari, lakini benchi halikuwa na ruhusa ya kusema.

"Usiogope," alisema sista hatimaye. "Tuendelee. Niambie, wasichana wakibaki peke yao darasani, utafanya nini?"

Usoni mwa Mama Murusi niliona nafuu. Jibu la swali hili alikuwa nalo. "Paka akiondoka," alisema, akanyamaza tena.

Sista aliondoa miwani. Alitazama dirishani, kama kwamba paka angeonekana uani. Nilijua kinachofuata: angesema asante, angesimama, na lori lingeondoka bila wao. Sikukata shauri la kusema. Ni mdomo uliozoea meza ya baba yangu ndio uliojibu, kwa sauti kubwa kuliko nilivyopenda:

"Panya hucheza!"

Sista akageuka. "Binti, nani amekuuliza?"

"Hakuna, Sista. Nisamehe. Kwetu nusu haiachwi ikining'inia."

Alinitazama. Akamtazama Mama Murusi, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kuniunga mkono, akiwa na uso wa mtu ambaye hatimaye mazungumzo yake yamepata njia. Kisha mabega ya sista yakaanza kutikisika.

"Ni wewe uliyemfundisha?"

"Ni mimi."

"Wewe ni Mbemba?"

"Hapana, Sista. Muluba wa kaskazini."

"Basi ugonjwa ni wetu sote," alisema, na sasa alikuwa akicheka waziwazi, akijipangusa macho kwa ncha ya shela yake. "Bibi yangu alitufanyia hivi kila jioni. Aliyeshindwa kumalizia alitumwa kuni. Mama, Waingereza humaliza wenyewe! Wanaanza peke yao, wanamaliza peke yao. Maskini, hawana mtu wa kuwajibu." Akaelekeza kidole kwenye benchi letu. "Imiti ikula!"

"E mpanga!" tulijibu pamoja, mimi na mhandisi, maana methali hiyo ya Kibemba huku Katanga nayo tunaijua: miti inayokua ndiyo msitu.

Mama Murusi alimwuliza mumewe maana yake kwa Kirusi, akaelezwa. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, bila nahau yoyote: "Ndiyo. Kwa sababu hiyo ninafundisha."

Sista alirudisha miwani yake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Hapo niliogopa tena, kwa kuwa nilimwona amekuwa mkuu wa shule.

"Sasa nisikilize. Wasichana wangu hawahitaji paka wala mawingu. Wanahitaji hisabati, na mtihani wao hauko mbali. Kila mwaka wananiuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, nami nawaambia wakariri. Unifundishe mimi. Mimi ni msichana wa kidato cha kwanza, na sipendi hisabati."

Mama Murusi alisimama. Alisogeza kiti pembeni. "Tafadhali, simama hapa," alimwambia sista, akamweka katikati ya chumba. "Mlango ni chanya. Dirisha ni hasi. Tazama mlango. Tembea mbele." Sista alikwenda mbele kidogo kuelekea mlangoni. "Chanya. Rudi. Sasa tazama mlango, tembea kinyumenyume." Sista akarudi nyuma kuelekea dirishani. "Hasi. Rudi. Sasa tazama dirisha. Hii ni hasi ya kwanza. Tembea kinyumenyume. Hii ni hasi ya pili."

Sista mkuu wa shule, akiwa ameshika msalaba wake ili usiyumbe, alitembea kinyumenyume akitazama dirisha, polepole, mpaka mgongo wake ukagusa kitasa cha mlango.

"Uko wapi?" aliuliza Mama Murusi.

"Mlangoni," alisema sista. Akakipapasa kitasa nyuma yake. "Niko mlangoni," alirudia, kwa namna nyingine.

Kiingereza kile kilikuwa cha maneno machache kuliko yote niliyomfundisha, na hakuna hata neno moja ambalo lilitoka katika masomo yangu ya fahari. Sikuumia. Nilikuwa nimekazana kukodoa macho kama mtu anayetazama mpira ukielekea golini.

Sista alirudi kwenye kiti. Aliuliza kuhusu watoto, umri wao, afya yao. Kisha akamtazama mhandisi. "Na mume wako ni wa wapi?"

Mhandisi alisimama, kofia mkononi. Nilimtafsiria. "Ni wa hapa, Sista. Ila hapa hapanitaki."

"Nikimpa mkeo kazi, utafanya nini?"

"Nitampikia."

Sista alicheka kidogo, lakini Mama Murusi hakucheka. Aliuliza, na hilo ndilo swali pekee aliloliuliza asubuhi ile: "Yeye pia? Nyumba ya mwalimu ni yetu sote?"

"Mama," alisema sista, "mwalimu anayelilia mume wake darasani hanifai. Njooni wote. Kabla muhula haujaanza."

Njiani kurudi mhandisi alinunua karanga, akatugawia, akasahau kula zake.

Habari ilifika kwenye kona ya mkaa kabla yetu. Siku ya kufunga mizigo, mama wa mkaa alivuka njia, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Godoro ile munaibeba?"

"Chukua, mama," alisema Mama Murusi.

Akalichukua, akalipachika kichwani, akaondoka. Baadaye alirudi na sahani ya viazi vitamu vilivyochemshwa, akasema, "Ya batoto, mu njia," akaenda zake. Sijui kama ilikuwa malipo ya godoro au jambo jingine. Watoto walivila vyote kabla lori halijawashwa.

Ilikuwa asubuhi, mvua imekwisha, barabara nyekundu na safi. Kila kitu kilipokuwa kimepakiwa, Mama Murusi alituomba sote tuingie tena ndani na kuketi. Kwao, alieleza mumewe, msafiri huketi kimya kidogo kabla ya kutoka. Tukaketi sakafuni katika chumba kitupu. Baba yangu alivua kofia yake na kuinamisha kichwa, kama Mprotestanti anavyofanya. Mwenye lori alidhani ni dua, akafungua viganja vyake. Mtoto mdogo aliwatazama wakubwa, akafumba jicho moja. Kisha Mama Murusi akasimama, na wote tukasimama. Alinikumbatia, akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, asante."

Vizuizi vilikuwa vingi barabara ya Lubumbashi siku zile, na vijana waliovisimamia walikuwa wakiangalia majina ya watu na kuwashusha. Mhandisi alilala nyuma, chini ya turubai, katikati ya magunia matupu. Hilo tulilijua sote, na kwa hiyo siku zilizofuata hazikuwa za raha nyumbani kwetu. Baba alijikuta ana shughuli nyingi upande wa barabara kuu. Mimi nilianza kumfundisha Kiingereza binti mmoja wa mtaa, nikasahau katikati ya sentensi nilichokuwa nikisema.

Alasiri moja tulisikia honi. Mwenye lori alishuka akiwa na vumbi hata kwenye kope, na hakungoja kusalimiwa.

"Bamefika."

"Bote?" aliuliza baba.

"Bote, tata. Pale Likasi banatusimamisha, mi nikashuka, nikabasalimia moja moja, na habari ya mama yabo, na habari ya baba yabo, mpaka banachoka, banasema pita. Kule kwa masista tumefika batoto bamelala. Sista mwenyewe akamubeba ule mudogo. Ule mukubwa anaamuka, anauliza, chumba ya tata ni gani? Sista anamuonyesha, anasema, ni hii, ya tata na mama."

"Na mhandisi?" niliuliza.

"Aa, yeye." Mwenye lori alipokea kikombe cha maji kutoka kwa baba yangu, akanywa chote, akafuta mdomo. "Nilikuwa nashusha bintu, nikamwona anafika pa mulango ya nyumba yabo. Anasimama. Anavua biatu, anabipanga vizuri pembeni, moja kando ya nyingine. Kisha anaingia."